Ndoano ya mkono wa bandia haifunguki kiwiko kikikunjwa: nilivyoitengeneza

Mteja wangu anauza lengalenga (mchicha) Soko la Virunga, hapa Goma. Alikatwa mkono chini ya kiwiko, akavaa wa bandia wenye ndoano ya kushikia vitu. Akiunyoosha, ndoano inafunguka yote. Akiukunja ili ale, inafunguka kidogo tu, na bega linamuuma.

Mkono huu hauna betri. Bega likienda mbele, mkanda wa mgongoni unavuta waya ulio ndani ya mrija, kama breki ya baisikeli, na ndoano inapanuka. Mipira inayovutika ndiyo inayoifunga. Nikachukua mizani ya kuning'iniza. Ndoano ikivutwa yenyewe ilifunguka kwa kilo 2. Kupitia waya, kilo 4. Nusu ya nguvu ya mama wa watu inaliwa na msuguano!

Nilipochomoa waya nilikuta vumbi jeusi la lava, na mrija umepinda vibaya kwenye kiwiko. Nikaweka mrija mpya wenye tefloni (plastiki inayoteleza) ndani, uzunguke kiwiko kwa upana. Pete ya mgongoni inayounganisha mikanda nayo ilikuwa juu mno. Nikaishusha chini ya kifundo cha shingo (mfupa unaochomoza nyuma ya shingo), ikaelekea kidogo upande wa mkono mzima.

"Mama, kunja, kisha fungua." Ikafunguka yote, kwa kilo 2 na nusu. Msitie mafuta ndani ya mrija: vumbi letu litanata humo.