Nilivyoiingizia VFD takwimu za mota ya kukamulia alizeti

Aliyeniuzia VFD, kifaa kinachoongoza mwendo wa mota kwa kubadilisha masafa ya umeme (Hz), aliniambia nisijisumbue na takwimu za mota, kwa sababu eti zilizowekwa ndani yake kiwandani zinatosha. Ningefurahi kama angekuwapo Singida siku ile akavuta harufu niliyoivuta mimi.

Mashine yetu iko mahali penye umeme wa njia moja (fezi moja), ilhali mota yake ya kilowati 2.2 ni ya njia tatu. Nilinunua VFD inayopokea volti 230 za njia moja na kutoa njia tatu, kwa laki tano na kitu hivi, ukiacha nauli na soda za vijana. Bila mzigo mota ilizunguka vizuri hata nikaipiga picha. Mbegu zilipoingia, skrubu ilikwama, mota ikanguruma, na VFD haikujizima, kwa kuwa kikomo chake cha umeme kilichowekwa kiwandani kilikuwa ampea 10. Fundi mwenzangu alishauri niongeze nguvu ya kuanzia. Nikaongeza, na haikuchukua muda vanishi inayokinga nyaya za koili ya mota ikaanza kunukia.

Nilizima, nikaenda kusoma kibati cha mota chenye takwimu zake, nikakuta kimepakwa rangi ya bluu pamoja na mota yenyewe, tena si mara moja. Kukwangua kwa kisu kungeharibu namba, na thina ililainisha rangi ya juu tu. Ndipo nilipokumbuka mchezo wetu wa utotoni wa kuweka karatasi juu ya sarafu na kuisugua kwa penseli. Namba zilikuwa zimegongwa kwenye bati, kwa hiyo nilibana karatasi nyembamba kwa gundi ya utepe, nikailaza penseli ubavu, nikasugua taratibu, na moja baada ya nyingine zikajitokeza: volti 230/400, ampea 8.1/4.7, 50 Hz, mizunguko 1430 kwa dakika, kosaini (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) 0.81. Ile 8 ilifanana mno na 3, lakini 4.7 ukiizidisha kwa 1.73 unapata 8.1, kwa hiyo nilijua sikukosea. Nakiri nilijisikia mtaalamu mkubwa.

Kibati hicho ndicho kilichonifumbua macho. Mota ilikuwa imefungwa stari, yaani koili zake zimeunganishwa kwa mtindo unaotaka volti 400, na mimi nilikuwa naipa 230, hivyo nguvu yake ya kuzungusha ilibaki kama theluthi moja tu. Nilihamisha vipande vya shaba kwenye boksi la nyaya ili iwe delta, mtindo unaotaka volti 230, kisha nikaandika kwenye VFD volti 230 na ampea 8.1. Anayefunga delta halafu akaandika 4.7 atashinda akiwasha na kuwasha tena, kwa sababu VFD itadhani mota imelemewa.

Kwenye mizunguko, fundi yuleyule alisisitiza niandike 1500, maana mota ya pole nne (ncha nne za sumaku) kwa 50 Hz ndivyo inavyokokotolewa. Hesabu yake ni sahihi, lakini 1500 ni mwendo wa sumaku inayozunguka ndani, si wa shafti ya mota. Nilimtii kwa heshima, na kila mbegu zilipojaa mwendo ulishuka, kwa kuwa nilikuwa nimeiambia VFD kwamba mota haibaki nyuma hata kidogo na hivyo haikuwa na cha kufidia. Niliporudisha 1430, malalamiko yakaisha.

Ile amri ya VFD kuipima mota yenyewe niliitoa mwishoni, takwimu zote zikiwa zimeingia na mota imepoa. Mara ya kwanza niliacha mkanda unaozungusha skrubu umefungwa, ikakataa na kuonyesha hitilafu. Nilipouvua, ikamaliza bila shida. Ukibadilisha takwimu yoyote ya mota baada ya hapo, rudia kipimo hicho.

Sasa tunakamua kwa 40 Hz. Nilijaribu 20 ili mbegu zibanwe zaidi, lakini feni ya mota iko kwenye shafti yake na hupunguza upepo mwendo unapopungua. Baada ya nusu saa sikuweza kuushika mwili wa mota kwa kiganja, nikapandisha.