Nilivyoivusha ndege ya kompyuta juu ya Cadair Idris

Nilichotaka kilikuwa kidogo: programu ya kupitisha ndege ya kufikirika juu ya milima ya Wales, mita 60 kutoka ardhini, kwa kanuni za rada za miaka ya 1960. Nilikuwa nimeiona TSR-2 kwenye makumbusho ya Cosford, ile ndege ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza Septemba 1964, mradi wake ukafutwa Aprili 1965. Swali likanikaa kichwani: kwa mitambo ya enzi hiyo, ilikuwa ijue vipi wakati wa kupanda?

Kwa nini iruke chini hivyo? Dunia ni mviringo. Rada iliyo ardhini inaweza kuiona ndege iliyo kimo cha mita 20,000 ikiwa bado kilomita 580 hivi; ishushe hadi mita 60, haionekani mpaka ifike kama kilomita 32. Baada ya U-2, ndege ya upelelezi ya Wamarekani iliyoruka juu sana, kudunguliwa katika Umoja wa Kisovieti Mei 1, 1960, kupaa juu sana hakukuwa tena kinga.

Data za mwinuko ni za bure, zile zilizopimwa na chombo cha anga Endeavour mwaka 2000. Nikachukua mstari kutoka ghuba ya Cardigan Bay hadi ng'ambo ya Cadair Idris, mlima wa mita 893, nikaanza kuandika programu kwa lugha ya Python.

Kanuni yenyewe ni ya kijiometri tu, na kwangu hapo ndipo ulipo ufundi wote. Chini ya ndege unachora mstari wa kufikirika, umbali wake ni kile kimo ulichochagua. Mstari unakwenda bapa, halafu mbele unapinda juu kama omo la dau. Antena inapepesa juu na chini na kupima umbali wa kila mwangwi. Ardhi ikiuvuka mstari, panda. Ikiwa yote iko chini yake, shuka. Hakuna ramani inayotunzwa, kwa hiyo haikuhitaji kompyuta kubwa.

Kupanda kulikuwa rahisi. Kilichonichosha ni kilele. Chukua kilima cha mita 300 na mwendo wa mita 270 kwa sekunde. Ukivuta pua juu kwa mchapuko mara mbili ya ule wa mvutano wa dunia, unaweza kungoja mpaka ubaki na kilomita 1.5 na bado ukakivuka. Ila unafika kileleni pua ikitazama juu kwa nyuzi 23, na kuilaza tena kunataka upole, maana rubani akizidishiwa anainuka kitini na kuning'inia kwenye mikanda. Kwa nusu ya nguvu ile, ndege inapaa mita 600 zaidi ndipo inyooke, na huko juu kila rada inaiona. Nilipousogeza mpindo wa omo ili kupanda kuanze kilomita 2.6 kabla, ikapita kileleni imelala. Ndiyo maana F-111, ndege ya kivita ya Wamarekani, ilimpa rubani swichi ya kuchagua safari laini, ya wastani au ngumu: ngumu inalala na ardhi zaidi, na tumbo ndilo linalolipa.

Upande wa bahari ulileta jambo jingine. Maji yaliyotulia hayarudishi mwangwi kwa rada inayotazama mbele, na ukimya huo unafanana kabisa na rada iliyokufa. Nikaongeza altimeta ya rada, kipima kimo kinachotazama chini: ikisoma vizuri, ndege inashika kimo chake, ikinyamaza nayo, amri ni kupanda papo hapo. F-111 nayo ilijengwa hivyo, hitilafu ikitokea inainua pua yenyewe.

Kujua ulipo ni kazi tofauti. TSR-2 ilitegemea giroskopu, yaani gurudumu linalozunguka na kushika uelekeo, na rada ya Dopla inayopima mwendo, kisha rada ya kutazama pembeni ikasahihisha. Niliweka kosa la nyuzi 1 tu kwenye uelekeo, na baada ya kilomita 100 ndege ilikuwa kilomita 1.7 nje ya njia, bonde jingine kabisa kwa nchi kama Wales.

Sasa inavuka Cadair Idris bila kupaa ovyo, mradi iende moja kwa moja. Kona bado, kwa sababu antena yangu inatazama mbele tu, na kilima cha upande inaogeukia ndege hakionekani mpaka pua ifike kwake.