Nilivyozimudu sentensi za masharti za Kiingereza

Nilipewa barua ya upangaji niitafsiri. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Should the tenant leave early, the deposit will not be returned." Nikaandika kwamba mpangaji anapaswa kuondoka mapema. Aliyenipa kazi akanirudishia, akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Sikuwa nayo. "Should" pale haihusu kupaswa hata kidogo, imeshika nafasi ya "if": mpangaji akiondoka mapema, harudishiwi amana.

Shuleni nilikariri aina ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nilizijua kwa moyo, na bado niliandika "If I would know, I would come." Ilinichukua muda kuona kosa linakotoka. Kiswahili hutia sharti ndani ya kitenzi, na pande zote mbili huvaa alama ileile: ningejua, ningekuja. Kiingereza huiacha "would" upande wa tokeo tu. Upande wa "if" hurudi nyuma hatua moja: "If I knew, I would come." Kama jambo limekwisha pita, "If I had known, I would have come."

Kilichonitesa zaidi ni sentensi zinazochanganya nyakati. Darasani tulikatazwa: -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-, usichanganye. Nikaibeba kanuni hiyo hadi kwenye Kiingereza. Nilipokutana na "If I had slept last night, I wouldn't be so tired now" nilidhani ni kosa la uchapaji! Hapo ndipo nilipoachana na namba za aina, nikaanza kuuliza kila upande peke yake: wewe ni wa lini? Kulala ni kwa jana usiku, basi "had slept". Uchovu ni wa sasa, basi "wouldn't be". Na huweza kugeuka: "If she weren't so careful, she would have lost the money." Uangalifu ni tabia yake ya siku zote, fedha zingepotea siku iliyopita.

Kuiacha "if" na kutanguliza kitenzi kulikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa ni vitatu tu vinavyokubali: had, were na should. "Had I known" niliipenda mara moja, kwani wahenga walikwisha sema ningejua huja nyuma. Ila katika kukanusha "not" haiungani na kitenzi: "Had I not seen it", kamwe si "Hadn't I seen it".

Siku hizi ninayokawia nayo ni "But for your help, I would have failed." Sharti zima halina kitenzi. Nilijaribu njia nyingi ndefu kabla ya kukumbuka kwamba nyumbani tunasema tu: kama si msaada wako, ningalishindwa.