Jinsi nilivyojifunza kuwatambua mbawakawa wa mizoga

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Mwanza, na kilichonikutanisha na mbawakawa hawa ni haja ya kupata fuvu safi la mbuzi kwa ajili ya darasa. Sikutaka kulichemsha, kwa kuwa mifupa myembamba ya puani hulegea. Nililifunika kwa karai lililotobolewa, nikawaachia wadudu. Nzi walitangulia na mabuu yao wakamaliza nyama laini, na ngozi ilipokauka ndipo walipofika mbawakawa wa jenasi ya Dermestes.

Ukiwatazama mgongoni hupati mengi, kwani karibu wote ni weusi au wa kahawia, na vinyweleo vyao huchakaa. Kwa hiyo niliwatia wachache katika spiriti, kisha nikawalaza chali chini ya lenzi. Dermestes maculatus, mwenye urefu wa milimita 5.5 hadi 10, ana tumbo jeupe lenye madoa meusi pembeni, lakini nduguye Dermestes frischii naye ni mweupe tumboni, hivyo weupe peke yake si ushahidi. Kinachowatenganisha kipo mwisho wa mabawa magumu: maculatus ana kijimwiba kwenye ncha ya kila bawa, na ukingo ulio jirani nacho una meno madogo kama ya msumeno, ilhali frischii hana hata kimoja kati ya hivyo. Mwanga ukitoka ubavuni, kijimwiba huonekana vizuri zaidi.

Kati yao alikuwamo mwingine, wa buluu inayometameta na mwenye miguu myekundu, yaani Necrobia rufipes. Huyo hula mafuta yaliyokauka, na pia huwinda mabuu ya nzi na ya Dermestes wenyewe. Si kila anayekutwa kwenye mzoga amefuata mzoga. Niliwakuta wote wawili, yeye na maculatus, katika gunia la samaki wakavu sokoni. Muuzaji aliniuliza, "Mwalimu, hawa wanatoka wapi?" Nikamweleza kwamba mama hutaga palipokauka pasipo chumvi ya kutosha.

Mabuu ya Dermestes, yenye manyoya na pembe mbili mkiani, hutoboa hata mbao yanapotafuta pa kugeukia pupa, yaani hatua ya kati ya buu na mbawakawa mzima. Ndiyo maana fuvu lilipokuwa safi nililigandisha kwenye friza kwanza, nisije nikawahamishia kwenye kabati la maabara, ambamo kuna ndege waliokaushwa.