Ameumwa

Jana usiku vijana wa nyumba ya pili waliweka sinema ya mazombi. Televisheni yao ni kubwa na dirisha lao linatazama uani, kwa hiyo nusu ya mtaa ilikuwa imekaa pale nje kwenye mikeka. Nami nikatoka na kigoda changu. Ilikuwa ile ya kutafsiriwa, mtafsiri akinguruma kwa Kiluganda juu ya sauti za Wazungu, na watoto wakicheka mahali pa kuogopa. Ikafika sehemu ambapo baba anamvua binti yake koti na kuona alama za meno begani. Anamfunika haraka. Wenzake wanauliza mtoto ana nini. Anajibu kwamba amechoka tu.

Uani kukalipuka. Mtoe! Muache huyo, atawamaliza wote! Mama mmoja ninayemheshimu sana akasema kwamba yeye angemfungia nje hata kama amemzaa mwenyewe. Nikabeba kigoda changu nikarudi ndani, nikakaa gizani. Sijawahi kuandika habari za masika ya mwaka jana. Naandika leo kwa sababu usingizi umegoma.

Tunakaa Busia, upande wa Uganda. Mama watoto anauza dagaa sokoni, mimi natengeneza simu kwenye kibanda kando ya barabara ya malori. Jumamosi moja jioni akanipigia. "Mtoto ameumwa." Lori lilikuwa linapiga honi, mimi nikasikia "anaumwa". Nikamjibu ampe maji mengi, nitapitia duka la dawa nikirudi. Akanyamaza kidogo. "Baba Musa, sikusema anaumwa. Nimesema ameumwa. Na mbwa."

Nimezungumza Kiswahili tangu utotoni. Baba yangu alikuwa askari, na kambini ndiyo lugha tuliyochezea. Lakini mpaka jioni ile sikuwahi kuona kwamba meno na maradhi tumeyaweka kwenye kitenzi kimoja. Ameumwa. Je, ataumwa? Nilifunga kibanda bila kuhesabu pesa.

Aliyekigundua kidonda ni nyanya yake, alipokuwa akimwogesha. Kilikuwa kwenye shavu la mguu, matundu manne na mkwaruzo mrefu, tayari kimeanza kukauka. Mtoto wa miaka 7, kitindamimba wetu, alikuwa ameumwa tangu Alhamisi. Siku mbili nzima alivaa soksi ndefu za shule, hata kulala alilala nazo. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alitazama mlangoni, mahali ninapoweka fimbo. Nilikuwa nimemkataza kwenda kule nyuma ya soko wanakotupa vichwa vya samaki. Alikwenda, mbwa akamuuma, na kati ya mbwa na mimi aliyemwogopa zaidi nilikuwa mimi.

Hilo bado linanichoma kuliko yote mengine. Katika sinema baba ndiye anayeficha alama za meno. Kwetu alizificha mtoto, kwa soksi, ili baba asizione.

Mbwa mwenyewe hakuwa wa mtu. Wiki ile alikuwa ameuma mbuzi wawili na mbeba mizigo mmoja, vijana wakampiga mawe mpaka akafa, wakamtupa shimo la takataka. Nikajua baadaye kwamba kumuua ni kujifunga macho. Mbwa aliyeuma akiwa hai, anafungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Zikipita yuko mzima, basi siku ile alipouma mate yake hayakuwa na virusi vya kichaa cha mbwa. Akifa, maabara inaweza kupima ubongo wake. Wetu alikuwa ameoza, hana la kutuambia.

Tulimwosha kidonda kwa sabuni ya kufulia na maji ya kumiminika kutoka jerikani, dakika 15, nyanya yake akihesabu kwa saa ya simu na mtoto akilia. Watu wakaanza kuja. Mzee mmoja wa mtaa, mtu mwema aliyetusaidia sana tulipohamia hapa, alikuja na jiwe jeusi amelifunga kwenye kitambaa, lile la kunyonya sumu ya nyoka. Mwingine akasema tutafute manyoya ya yule mbwa tuyachome, majivu yapakwe juu. Sikutaka kumvunjia mzee heshima. Nilipokea jiwe kwa mikono miwili, nikamwambia, "Asante mzee wangu, nitalitunza, lakini sasa hivi naitafuta boda."

Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa kimefungwa. Sitaki kukaa sana hapo. Kila mzazi wa mpakani anaijua safari hiyo ya kuambiwa "jaribuni kule". Jumapili alfajiri tulikuwa njiani kwenda Tororo, mtoto katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, na ule mwamba wa Tororo ukijitokeza kwenye ukungu. Chanjo tukaipata. Nesi alinieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kueleza wengi. Virusi vya kichaa cha mbwa havisafiri kwenye damu. Vinapanda kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye kidonda, taratibu, vikielekea kwenye ubongo. Kwa wengi safari hiyo ni ya mwezi mmoja hadi mitatu. Ndiyo maana aliyeumwa usoni ana haraka kuliko aliyeumwa mguuni, na ndiyo maana hata ukichelewa siku mbili bado inafaa kukimbia, maadamu dalili hazijaanza. Zikianza, karibu hakuna anayepona. Nilimuuliza nitazijuaje. Akasema, "Homa, kidonda kuwasha, kisha atashindwa kumeza. Ataona maji na koo litakaza."

Sindano ya kwanza siku ile, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Tarehe zote aliziandika kwenye kadi ndogo. Kadi hiyo ninayo mpaka leo, nimeiweka pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

Usiku ule nilifanya kosa la kusoma kwenye simu. Watu takribani 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na 4 kati ya 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini hapo hapo nikakutana na habari ya Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa mwezi Julai 1885. Mama yake alimpeleka Paris kwa Louis Pasteur, mtu ambaye hata hakuwa daktari wa tiba, mwenye chanjo iliyokuwa bado inajaribiwa kwa mbwa. Sindano ya kwanza ilikuwa tarehe 6 Julai. Alidungwa mara 13, akaishi. Vitabu vinamsifu Pasteur, na anastahili. Mimi nilikuwa nikimuwaza yule mama, siku zile 10 na ushee, jinsi alivyokuwa akimtazama mtoto akilala. Sisi angalau tulijua kwamba dawa inafanya kazi.

Sasa, mtaa. Habari ilikuwa imetutangulia kabla hatujarudi kutoka Tororo. Watoto waliokuwa wakishinda uani kwetu wakaitwa kwao mmoja mmoja. Kikombe cha mwanangu kikatengwa kwa jirani mmoja, kisha akaambiwa asiende kabisa. Shuleni mwalimu mmoja akaniomba, kwa adabu, nimweke nyumbani mpaka dozi iishe. Sikumweka. Siku ya 9 nilipita shuleni wakati wa mapumziko nikasimama nje ya uzio. Walikuwa wanacheza zombi. Yeye ndiye zombi. Amenyoosha mikono mbele, anatembea kwa kuchechemea kweli, maana mguu ulikuwa bado unauma, na wengine wanakimbia wakipiga mayowe. Mwanzoni alikuwa anacheka. Kisha mchezo ukaisha, akashusha mikono, akamsogelea mwenzake wa siku zote, na yule mwenzake akaendelea kukimbia.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba jioni ile. Sikuwa na hasira, au nilikuwa nayo nikaimeza. Niliwaambia nilichoambiwa: mtoto aliyeumwa, ambaye haonyeshi dalili, hana cha kumwambukiza mtu. Si kwa kikombe, si kwa kucheza, si kwa kulala mkeka mmoja. Nilikunywa maji kwenye kikombe chake mbele yao. Wengine waliamini. Yule mama wa jana usiku alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba Musa, nimekuelewa, lakini nina wadogo." Ningekuwa yeye, na ningekuwa sijakaa kwenye lile benchi Tororo, sijui kama ningesema tofauti. Kwa hiyo siku zilizobaki nililala na mwanangu chumba kimoja, na shuleni nilimpeleka mwenyewe asubuhi, nikakaa kwenye pikipiki nje ya lango mpaka kengele ya kwanza ilie, ili kila mtu aone kwamba huyu ana mtu.

Fimbo niliivunja nikaitia jikoni. Sikuhutubia. Nyanya yake aliiona ikiungua chini ya sufuria ya maharage, akaniangalia, akaendelea kukoroga.

Siku ya 28 ilipita. Miezi mitatu ikapita. Watu walisahau, watoto walirudi uani, na jana alikuwa miongoni mwao kwenye mkeka, amebanana na yule mwenzake, akipiga kelele kama wengine kwamba yule binti atolewe. Sikujua nicheke au nilie. Hakujifananisha na yule binti hata kidogo.

Asubuhi hii, kama kila asubuhi tangu wakati ule, nimemchotea maji kwenye mtungi kabla ya uji. Najua chanjo yote ameipata. Najua muda umepita. Nimempa kikombe nikasimama pale pale, nikiliangalia koo lake.

"Baba," ameniuliza leo, mdomo bado umelowa, "mbona kila siku unaniangalia nikinywa?"

Nikamwambia amalize.