Nilimfuata kauboi, nikaishia kwa dereva

Juzi nilivua kamba za viatu pea tatu, nikapata kamba sita, nikazifunga kwenye miguu ya viti alafu nikakaa mbele yake nikazipitisha kwenye vidole, tatu mkono wa kushoto, tatu wa kulia. Nikaulizwa kama niko sawa. Niko sawa kabisa, nilichotaka ni kujua tu dereva wa stejikochi, yale magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kule magharibi ya Marekani, alikuwa anawezaje kuendesha farasi sita kwa mpigo, usiku, kwenye njia ya mawe na mabonde. Dakika tano hazijaisha kidole cha pete kimekufa ganzi. Na hapo viti havivuti, havishtuki, wala havijaona nyoka.

Kusema ukweli mi nilianza na makauboi kama watu wengi, maana nimekulia kwenye pikcha zao. Na ukikumbuka vizuri kwenye zile pikcha dereva ni yule mzee wa ndevu anayekula risasi mapema tu, anadondoka chini ili stelingi apate nafasi ya kurukia hatamu. Basi. Hana jina, hana mstari hata mmoja wa maana.

Kauboi mwenyewe kumbe alikuwa kibarua wa mifugo, analipwa kama dola 30 au 40 kwa mwezi kuswaga ng'ombe kutoka Texas mpaka kwenye reli kule Kansas, kilomita 15 hadi 20 kwa siku, anakula vumbi kutwa. Ujuzi wake mwingi na hata maneno ya kazi alirithi kwa vaquero, wachunga ng'ombe wa farasini wa Mexico, na wanahistoria wengi wanakadiria mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Bose Ikard kwa mfano alizaliwa mtumwa, na bosi wake Charles Goodnight ndo huyo huyo aliyekuwa anampa pesa za msafara azitunze, mkoba wenye maelfu ya dola porini huko, na hakuna senti iliyopotea. Na wale wafungua njia, Jim Beckwourth naye alizaliwa mtumwa Virginia, akaja kuona upenyo kwenye milima ya Sierra Nevada mwaka 1850, akatengeneza njia, akaleta misafara ya walowezi mpaka Marysville, California, alafu mji ukaungua na malipo yake yakaishia hapo hapo kwenye moshi. Upenyo una jina lake mpaka leo, ila hela hakuona.

Hao nawaacha, kila mmoja anahitaji siku yake. Nilivyokuwa nasoma habari zao ndo nikajikuta nimenasa kwa madereva na sijatoka.

Gari lenyewe kwanza. Lililosifika zaidi lilitengenezwa Concord, New Hampshire, na kampuni ya Abbot na Downing, na ujanja wake ni kwamba bodi halikukalia springi za chuma, lilining'inizwa juu ya mikanda minene ya ngozi ya ng'ombe iliyopangwa tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo gurudumu likiingia kwenye shimo gari halirushi watu juu, linayumba mbele na nyuma kama jahazi, na wengi walitapika kama wako baharini vile. Ndani wanakaa tisa, watatu watatu kwenye mabenchi matatu, wale wa benchi la katikati hawana mgongo wa kuegemea zaidi ya mkanda wa ngozi, na magoti yao lazima yapishane na ya wanaowatazama, uwe unamjua humjui. Wengine wanapanda juu na mizigo.

Dereva anakaa mbele kwenye kiti cha juu, mguu wa kulia uko kwenye breki, na kama gari limebeba dhahabu, pembeni yake anakaa mlinzi mwenye bunduki. Sasa zile hatamu. Farasi wako pea tatu na kila pea ina kazi yake: wa mbele ni wepesi na wana akili, wa katikati wanafuata, wa nyuma ndo wakubwa wenye nguvu maana wao ndo wanazuia gari kwenye mteremko. Kila mkono unashika hatamu tatu za upande wake, ya farasi wa mbele kati ya kidole cha shahada na cha kati, ya wa katikati kidole kinachofuata, ya wa nyuma kati ya cha pete na kidogo. Ukifika kwenye kona ukizivuta zote pamoja umekwisha, kwa sababu wa mbele wanatakiwa waanze kukata lakini wa nyuma waendelee kunyooka kwanza mpaka gurudumu lipite ukingo, kwa hiyo vidole vinapanda kwenye kamba moja huku vinaiachia nyingine iteleze, na mjeledi uko mkononi humo humo. Mimi na kamba zangu za viatu nilipindua kiti.

Mwaka 1858 John Butterfield, ambaye mwenyewe alianza maisha kama dereva wa magari hayo, alianza kupeleka barua za serikali kutoka Missouri mpaka San Francisco, mara mbili kwa wiki, kwa mkataba wa dola 600,000 kwa mwaka. Njia ilikuwa kama kilomita 4,500, inashuka Texas, inapita jangwa la Arizona alafu inapanda California, na mkataba ulisema zisizidi siku 25. Safari ya kwanza ya kwenda magharibi iliondoka Septemba 16 ikafika Oktoba 10, na abiria pekee aliyekwenda mwanzo mpaka mwisho alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, kijana anaitwa Waterman Ormsby. Usiku na mchana wanatembea, hakuna kulala gesti, unasinzia umeegemea bega la mwenzako, mnasimama kubadilisha farasi au nyumbu na kumeza maharage na nyama ya chumvi, safari. Nauli dola 200! Ukilinganisha na mshahara wa kauboi niliyemtaja hapo juu utaona hii haikuwa safari ya kila mtu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaikata njia hiyo 1861.

Kitu kilichonichekesha sana ni ushauri kwa abiria uliotoka kwenye gazeti moja la Omaha mwaka 1877. Usiongelee siasa wala dini. Usipake mafuta kichwani maana vumbi litaganda. Ukitema mate tema upande upepo unakoelekea. Farasi wakikurupuka usiruke, tulia kwenye kiti. Usianze kuonyesha watu sehemu walikouawa wasafiri, hasa kama kuna wanawake (kwa hiyo kulikuwa na jamaa wa hivyo, kila gari lina mmoja). Alafu kuna hii: usifyatue bunduki njiani, utawashtua farasi. Yaani ile kelele yote ya risasi tunayoijua kwenye pikcha, abiria wa kweli aliombwa aache kwa heshima zake.

Majambazi walikuwepo lakini, hilo halina ubishi. Mmoja wao, Black Bart, anahesabiwa kuteka magari 28 huko California na kusini mwa Oregon kati ya 1875 na 1883 na hakuwahi kufyatua hata risasi moja, na cha ajabu mwizi huyu wa magari ya farasi aliogopa farasi, alikuwa anatembea kwa miguu milimani. Wakamkamata kwa kitambaa alichodondosha chenye alama ya dobi, wapelelezi wakazunguka madobi wa San Francisco mpaka wakampata.

Ila dereva aliyeniweka macho mpaka saa nane usiku ni Charley Parkhurst. Alifika California wakati watu wanakimbilia dhahabu, farasi akampiga teke jicho moja likaondoka, akaendelea kuendesha miaka na miaka, anatafuna tumbaku, anavaa glavu kiangazi na masika, na kwenye njia za mlimani alikuwa anahesabiwa kati ya walio bora kabisa. Mwili ulipochoka akaacha, akalima. Kwenye daftari la wapiga kura la kaunti ya Santa Cruz miaka ya 1860 jina lake limo. Alifariki mwishoni mwa 1879 karibu na Watsonville, na waliokuja kumwandaa kwa mazishi wakakuta ni mwanamke. Jina la kuzaliwa Charlotte. Waandishi wa Kiingereza wanahangaika sana hapa kila sentensi, waandike mwanamume au mwanamke, mi natumia lugha ambayo yeye ni yeye tu na alijua kona.

Na alipokuwa keshazikwa miaka kumi na kitu huku reli imeshameza njia kubwa zote, kazi ilibaki vijijini, ndo anaingia Mary Fields. Alizaliwa utumwani Tennessee, na 1895 akiwa ameshapita miaka 60 akapata mkataba wa kupeleka barua kule Cascade, Montana, mwanamke mweusi wa kwanza kuupata. Inasimuliwa kwamba siku ya usaili aliwafunga farasi sita kwenye gari haraka kuliko vijana wote waliokuja. Miaka minane aliifanya. Theluji ikiwa nyingi mpaka farasi na nyumbu wake Moses hawapiti, anavaa viatu vya theluji, anatupia magunia ya barua begani, anaenda mwenyewe.