Siku moja maishani mwangu: hapana jamani, sipeleki watu Dubai

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Naamka, naoga, chai ya rangi na chapati ya jana usiku. Alafu nahesabu vitu: karatasi kubwa, maka, gundi, mpira wa miguu, mpira wa netiboli, spika ambayo betri yake hufanya kazi ikijisikia, na kile kipimo cha unyevu wa mahindi nilichoazima kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka hapa Busia ambaye ameshaniambia kikipotea nitamlimia shamba mpaka nizeeke.

Kwa wale hawanijui, nafanya kazi na vijana. Shirika letu ni dogo, ofisi ni chumba kimoja nyuma ya duka la simu, na tunazunguka vijijini upande huu wa Uganda, mpakani na Kenya, tukiwasaidia vijana kujua kuna kazi gani duniani, unaisomea wapi, unaanza na cheti gani, alafu mchana tunakaa na wale walioacha shule, tunacheza, tunaongea. Mjini wanadhani ni kazi ya kukaa kwenye tenti na kunywa soda. Kijijini wanadhani kuna mzungu mahali anatuma hela zao na mimi nazikalia. Ndo maana nimeamua kuandika siku ya jana vile ilienda, msome wenyewe.

Saa moja asubuhi

Boda mpaka Lumino, boksi mbele kwa dereva, spika mgongoni kwangu. Njia ya Majanji siku hizi ina lami kwa hiyo vumbi hakuna, ila baridi ya ile saa inaingia mpaka kwenye mifupa.

Saa tatu

Tuliambiwa saa mbili na nusu, asembli ikachukua muda wake, hakuna neno. Hedimasta akatupa S.3 na S.4, yaani kidato cha tatu na cha nne, chini ya mwembe.

Swali la kwanza huwa ni lile lile, nani anataka kuwa nani, na majibu nayo ni yale yale: daktari, mwanasheria, injinia, nesi, mwanajeshi, daktari, daktari. Siwalaumu, ndo watu waliowahi kuwaona wamevaa vizuri. Kwa hiyo huwa siyabishii, nachora tu lori. Lori limebeba mahindi, limetoka huku kwetu linavuka kwenda Kenya, haya niambieni nani anakula kwa hili lori. Wanaanza polepole, dereva, taniboi, mwenye mahindi, alafu mmoja anacheka anasema mama wa chakula pale yadi, na hapo ndo moto unawaka, fundi wa tairi, mwenye loji, wa kubadilisha pesa, watu wa klaringi wanaotoa mizigo forodhani, URA wa kodi, wa bima, wa mizani, wa kufunga zile sili za elektroniki, wa UNBS, shirika la viwango, wa kuangalia ubora, mpaka karatasi inajaa tunageuza upande wa pili. Hawa ni watoto wanaoona malori tangu wazaliwe na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kila mkono unaoligusa lile lori umesomea kitu.

Alafu nikawauliza kuhusu mwezi wa tatu 2021. Wengi walikuwa wadogo lakini kilio cha nyumbani wanakikumbuka. Kenya ilitangaza haiingizi tena mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya kuvu wa nafaka yenye unyevu, malori yakakwama mpakani, na hata marufuku ilipolegezwa baada ya siku chache masharti yakabaki, mzigo uwe na cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sasa nani alikosekana hapo? Kimya. Nikatoa kile kipimo. Msichana mmoja akakimbia stoo ya jikoni akaleta mahindi kwenye kikombe, akamimina, akabonyeza, wenzake wote wamemlalia mabegani, kikasoma unyevu asilimia 16.8. Kiwango cha Afrika Mashariki ni 13.5 mwisho. Kuvu hapo anakaa raha kabisa. Mpishi wa shule hakufurahi, akasema mahindi yake yameanikwa vizuri na hicho kimashine ni kibovu, na ubishi wao ulinifaa kuliko somo lolote ningetoa, maana yule msichana hakukubali, akaleta kikombe cha gunia lingine akapima tena.

Kutoka hapo ukimwambia mtoto kuna mtu kazi yake ni kupima sumukuvu maabara, kuna mwingine anatengeneza mashine za kukausha nafaka, anakuelewa. Na Busitema University iko wilaya hii hii, tangu 2007, na kabla haijawa chuo kikuu ilikuwa chuo cha mashine za kilimo. Niliuliza nani amewahi kuingia pale getini. Hakuna mkono.

Saa tano hivi

Wageni. Dada wa klaringi aliwashangaza zaidi, walidhani ile kazi ni ya kuingizwa na mjomba. Akawaeleza kuna kozi ya forodha na usafirishaji mizigo inayotambulika Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, EACFFPC, na kwamba yeye alianza kwa kubeba mafaili ya watu wengine kwenye jua. Nesi akaongea kidogo, akasisitiza Baiolojia, Kemia na Fizikia wasiyakimbie, akawahi zamu yake. Kijana mmoja wa S.4 akasema yeye ataenda chuo cha ualimu moja kwa moja akimaliza, achukue cheti cha Gredi ya Tatu cha kufundisha praimari, kama baba yake. Hapo inabidi umwambie mtu ukweli mbele ya wenzake: sera ya walimu ya 2019 inataka digrii, hata kwa mwalimu wa praimari. Njia ya baba yake imefungwa. Alikaa chini akaandika kitu kwenye daftari, sikumwona akiinua kichwa muda mrefu. Nilimfuata baadaye tukapiga hesabu ya S.5 na S.6 na ada, hesabu yenyewe haikuwa tamu.

Saa saba

Posho, yaani ugali, na maharage. Mpishi alinipa kidogo kuliko wengine, nadhani kwa ajili ya kile kipimo.

Saa nane

Uwanja wa pale senta, tenti, listi ya mahudhurio mezani. Hii sehemu ni ya walioacha shule. Na hapa ndo siku yangu iliharibika.

Akaja mama mmoja, mtu mzima, gauni lake la gomesi safi, bahasha ya kaki mkononi. Akamuuliza kijana wetu wa mezani, ndo hapa mnaandikisha? Kijana akasema ndiyo mama, ndo hapa. Mama akakaa kiti cha mbele, akafungua bahasha, akatoa picha za pasipoti za binti yake, kopi ya kitambulisho cha taifa na cheti cha ubatizo, akavipanga mezani vizuri juu ya listi yangu, akanitazama.

"Madamu, huyu wangu umweke Dubai. Saudia nasikia wanachapa."

Nikamwambia mama, karibu sana, lakini sisi hatupeleki watu nje, sisi tunawaonyesha vijana kozi na kazi za hapa. Akatikisa kichwa kwa heshima zote, akangoja nimalize, akasema sawa madamu, na medikali nilishalipa, laki tatu. Kwa nani mama? Kwa mwenzenu wa mjini. Mwenzetu gani? Yule wa ofisi, siku hizi simu haishiki, nikajua mtakuja wenyewe.

Sasa hapo unafanyaje? Nimekaa naye. Wamama na akina dada waliojenga nyumba kwa hela za Warabuni wapo, na yeye anawaona, mabati yanang'aa kila upande, kwa hiyo siwezi kumwambia hiyo njia haipo. Nikamwambia kampuni ya kupeleka watu lazima iwe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, majina yenye leseni yako kwenye mtandao wa wizara unaoitwa EEMIS, ukipewa jina la kampuni tafuta humo kwanza, usitoe shilingi bila risiti yenye jina la kampuni, na mtoto asome mkataba kabla hajapanda ndege. Nikamkumbusha serikali yenyewe iliwahi kusimamisha wafanyakazi wa ndani kwenda Saudia 2016 kwa ajili ya mateso, ikafungua tena 2017. Alisikiliza kila neno. Alafu akageukia wenzake akasema, mnaona, anayajua yote haya na anasema hapeleki.

Basi. Wakaanza kuja. Mmoja nyuma yake, wa pili, mwenye mtoto mgongoni, mzee mmoja na mjukuu wake, laini ya Dubai ikajipanga yenyewe mbele ya meza yangu na vijana niliowaitia mazungumzo wamesimama kando wanatazama sinema. Chemani wa LC1, kiongozi wa kijiji, akaja, nikashukuru Mungu, nikadhani atanisaidia kuwatawanya. Akaniinamia sikioni akauliza kama kuna nafasi ya ulinzi, mtoto wa dada yake ana mwili mzuri. Mzee chemani na wewe! Nikapanda kwenye kiti, nikashika maiki nitangaze kwa wote mara moja, nikafika kwenye "Wapendwa wazazi" na ile betri ikafa. Nikapiga kelele kwa koo langu. Nusu wakaondoka wakinung'unika kwamba nafasi nimewawekea watu wa kwetu, nusu wakabaki wangoje niwe peke yangu.

Mama wa bahasha hakwenda popote. Nikihamia kikundi cha huku anahamisha kiti. Nikamuuliza mwishowe, na binti mwenyewe yuko wapi? Yuko nyumbani anafua. Anataka kwenda? Akanitazama muda.

"Madamu, yeye anataka nini anajua? Ana miaka kumi na tisa."

Amefika darasa gani? S.4, alipita. Alipenda nini? Hapo mama akafikiria kweli kweli, nikaona anatafuta. Akasema anapenda kufungua vitu. Redio, pasi, saa ya ukutani, hata ile ya kanisa. Nikamwambia basi kuna mtu pale nyuma umwone, akasema huyo naye anapeleka?

Huyo naye ni fundi wa welding, ndo mgeni wetu wa mchana, na wakati mimi napigana na laini ya Dubai yeye alikuwa ameshawasha jenereta ameanza bila mimi. Mungu ambariki. Aliwavalisha miwani wasichana kwanza, wavulana akawaambia nyie mtasukumana tu ngojeni. Mmoja aligusa chuma, cheche zikaruka, akatupa kishikio akakimbia huku wenzake wanakufa na kicheko, akarudi mwenyewe, akashika tena kwa mikono miwili, akavuta mstari. Mshono ulipinda kama njia ya mbuzi lakini ulishika, fundi akaugonga na nyundo haukuachia. Akampa kile kipande aende nacho.

Nilitaka niongeze kitu pale kuhusu Worker's PAS, mtihani wa kutambua ujuzi wa kazi, maana wengi wao waliishia P.7, darasa la saba, na wanadhani bila cheti cha shule hakuna mlango. Kumbe ule mtihani ni wa mikono na wa kuulizwa kwa mdomo, unaonyesha unachojua kufanya, unapewa kitabu chako cha ujuzi. Nimesema hayo kwa sauti ya kunguru, koo limeisha.

Mechi ilichezwa, netiboli pia, sijui nani alishinda. Kutoka hapo saa sikuziangalia tena. Najua jua lilikuwa limeshuka wakati vijana wa kiume walinizunguka na lile swali la kila mahali: madamu, transpoti? Nikasema hakuna transpoti, mnakaa hapo ng'ambo ya barabara, nawaona mlangoni kwenu. Mmoja akasema sasa tumeshinda hapa siku nzima tunapata nini. Ukiwa umechoka hilo swali linauma kuliko tusi. Na sio swali la kijinga, mashirika makubwa ndo yamewazoesha, unasaini unapewa elfu kumi, kwa hiyo mimi nisiye na elfu kumi naonekana nimeila. Kuna waliosaini na kwenda wakinitukana kwa Kisamia wakidhani sielewi. Naelewa.

Boda ya kurudi, giza, spika mgongoni imekuwa nzito maradufu. Nikamrudishia yule mzee wa nafaka kipimo chake, akakihesabu na betri. Nyumbani ripoti inangoja: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wenye ulemavu wangapi, picha nne, sura zionekane. Hakuna kisanduku cha yule binti aliyepima magunia mawili ya mpishi wala cha kijana aliyefungiwa njia ya baba yake, kuna kisanduku cha "changamoto" chenye mistari miwili. Nimeandika "matarajio ya jamii". Bosi ataelewa, naye alishawahi kuvamiwa na laini.

Saa nne usiku simu inalia, namba ngeni. Ni mama wa bahasha. Sijui namba yangu kapewa na nani, nadhani chemani. Anasema ameongea na yule fundi baada ya mimi kuondoka, na fundi amemwambia mtu wa welding mwenye cheti anapata kazi hata nje.

"Kwa hiyo madamu, hiyo welding yenu inamaliza lini, ili nijue Dubai niwaambie mwezi gani?"

Nimemwambia aje ofisini Jumatatu na binti mwenyewe, sio na picha.